Nesi wa Vilimani, sehemu ya 9: Waini nyekundu ya Italia, na habari ya "kuongeza damu"

Nimetoka zamu ya mchana, miguu inawaka moto, lakini wiki iliyopita niliahidi kwamba leo ni waini, na wapo walionikumbusha inboksi mpaka mara tatu. Swali mmelituma kwa namna nyingi ila ni lile lile: "Dada, nipo supamaketi, mbele yangu kuna chupa hamsini za Italia, zote nyekundu, zote zina majina marefu kama ya ukoo wa kichifu. Nichukue ipi?" Mmoja kaalikwa ukweni Bologna. Mmoja anafunga ndoa Mwanza na kamati imempa kazi ya vinywaji. Mwingine ni shangazi yangu mwenyewe, huyo nitamfikia.

Msiokunywa, iwe kwa dini, kwa afya au kwa kutotaka tu, msikimbie. Humu kuna mambo ya damu, ya dawa na ya wazazi wetu pia. Mimi mwenyewe sinywi sana. Ila nafanya kazi kwenye makao ya wazee hapa Langhe, vilima vya kusini mwa Piemonte, na huku mzabibu ni kama mpunga kwa mtu wa Kyela. UNESCO waliviweka vilima hivi kwenye urithi wa dunia mwaka 2014 kwa sababu ya mashamba hayo hayo. Wazee wetu wengi walikuwa wakulima wa zabibu. Mchana, mzee ambaye daktari hajamkataza anapata glasi moja ndogo na chakula, na sisi manesi tunajua nani anapata na nani hapati, kama tunavyojua vidonge vyake. Huwezi kumwogesha mtu, kumlisha, kumgeuza kitandani miaka yote hiyo halafu usijue kitu kilichosomesha watoto wake.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja, nitamwita Mzee tu. Alilima Nebbiolo maisha yake yote, sasa ana miaka zaidi ya 85 na mikono yake inatetemeka, lakini ulimi uko palepale. Somo lake la kwanza lilikuwa la rangi. Aliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza, akaweka kidole nyuma yake. "Unakiona?" Kidole kilionekana vizuri kabisa. Nebbiolo ni nyekundu iliyopauka, na ikizeeka inaelekea rangi ya tofali. Ukiitazama utasema hii ni ya watoto. Ukiiweka mdomoni inakushika ufizi, mashavu, ulimi, kila kitu kinakauka. Wale mliokula bibo mbichi mnajua ninachosema. Au ndizi mbichi uliyoimenya na kuing'ata kwa pupa. Ule ukakasi wataalamu wanauita tanini, na uko pia kwenye chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Halafu akanionjesha Barbera. Hiyo ni nyeusi kuelekea zambarau, kidole hukioni. Ukiangalia utaiogopa. Kumbe haina ukakasi wa maana, ina uchachu tu, ule wa kufanya mate yajae kama umeona ndimu na chumvi.

Kwa hiyo mambo mawili ya kushika kabla hatujaenda dukani. Kwanza, juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi, ni nyeupe tu. Wekundu unatoka kwenye maganda, yanapolowekwa pamoja na juisi wakati inachachuka. Pili, rangi, ukakasi, uchachu, utamu na kilevi ni vitu vitano tofauti. Vinaweza kuja pamoja, vinaweza visije. Mtu akikwambia "nataka waini nzito" muulize: nzito ya rangi, ya kukausha mdomo, au ya kulewesha? Utakuta hata yeye hajui.

Na hapa ndipo anapoingia shangazi.

Alinitumia sauti WhatsApp, mwaka jana mwezi wa tatu. "Mwanangu, wewe si uko huko huko inakotoka? Ukija mletee mwenzio chupa mbili za ile nyekundu kabisa, nyeusi tii, nzito. Damu yake imeshuka." Mwenzangu ni binamu yangu, binti yake, mimba ya kwanza, miezi mitano. Kliniki wamempima damu, 7.8. Na huku wakisubiri chupa ya Italia, kila usiku alikuwa anapewa nusu glasi ya ile tamu ya Dodoma, iliyochanganywa na maziwa ya kopo. Mnacheka, lakini nusu yenu mmeinywa hiyo. Mama zetu waliipata kwa mama zao: kitu chekundu kinaongeza damu. Biti, rozela, waini.

Nilijua nikimwambia shangazi "kitaalamu haifai" nimeshampoteza. Huyu amezalisha majirani kabla mimi sijazaliwa. Nikampigia, nikamwamkia, nikamsimulia habari ya kidole cha Mzee. Nikamwambia: shangazi, huku nyekundu kali kuliko zote imepauka, na nyeusi tii ni laini. Rangi ile ni ya ganda, kama hina. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo ndani yake, na ule wekundu wa zabibu sio chuma. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya, endelea."

Nikaendelea. Ukakasi ule wa tanini, ukiingia tumboni pamoja na chakula, unakishika chuma kabla mwili haujakichukua. Ndiyo maana kila siku tunawaambia wajawazito msimezee vidonge vya damu na chai. Waini nyekundu nayo inafanya hivyo hivyo. Yaani mama anameza FEFO, halafu anapewa kinywaji cha kuizuia. Na kilevi kinapita kwenye kondo la nyuma kinamfikia mtoto, na hakuna kiasi ambacho mtu yeyote amewahi kuthibitisha kwamba ni salama kwake. Nusu glasi ya mama haimfikii mtoto ikiwa maji.

Nikaomba niongee na binamu mwenyewe. Kumbe vidonge vya FEFO alikuwa navyo, pakiti nzima, kwenye droo. Aliviacha kwa sababu vinamletea kichefuchefu, choo kinakuwa kigumu na cheusi, akaogopa, na hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi ni kawaida ya dawa hiyo. Tukapanga ameze usiku baada ya kula, na chungwa, chai ibaki asubuhi. Akarudi kliniki wakampima malaria, wakampa dawa ya minyoo. Baada ya wiki sita damu ilikuwa 9.6. Alijifungua salama, binti, kilo 3.1. Shangazi mpaka leo anasema ni maombi, na mimi sibishani naye.

Chupa nilimletea yeye shangazi, Barbera. Alikunywa mara moja akasema ni chachu, akaniuliza huko Ulaya hawana sukari.

Ambalo ni swali la maana sana! Sisi wengi tumelelewa kwenye waini tamu. Za Dodoma za bei ya kawaida nyingi ni tamu, na divai ya kanisani ni tamu. Kwa hiyo mtu anafungua chupa ya Italia, anakunja uso, anasema imeharibika. Haijaharibika, ni kavu. Kwenye lebo tafuta maneno haya: secco ni kavu, abboccato ina utamu kwa mbali, amabile utamu umeongezeka, dolce ni tamu. Kwa sheria za Ulaya, waini ya kawaida isiyo na mapovu ikiitwa dolce ina angalau gramu 45 za sukari kwa lita. Gawanya kwa vijiko vya chai vya gramu 4, unapata zaidi ya vijiko 11. Wenye kisukari mmesikia. Tatizo ni kwamba chupa nyingi nyekundu haziandiki chochote, na kama haikuandika, we chukulia ni kavu.

Anayetaka tamu kweli na nyepesi, hapa Piemonte kuna Brachetto d'Acqui: ina mapovu, inanukia waridi, kilevi chake kidogo, mara nyingi kama asilimia 5 au 6. Bibi mmoja wa chumba namba nane angeinywa kama soda tungemwachia. Ana kisukari, kwa hiyo hatumwachii, na hatuelewani mimi na yeye kila Jumapili. Na usidanganyike na jina la Dolcetto. Maana yake ni "katamu", lakini waini yenyewe ni kavu. Ni ya kila siku, haina uchachu mwingi, wakulima ndiyo walikuwa wanainywa wenyewe huku Nebbiolo inasubiri kuuzwa.

Sasa majina. Ugumu wa Italia ni kwamba chupa moja imeitwa kwa jina la zabibu, nyingine kwa jina la kijiji, na hawakwambii ipi ni ipi. Barolo ni kijiji. Zabibu yake ni Nebbiolo peke yake. Barbaresco nayo ni kijiji, zabibu ni hiyo hiyo Nebbiolo. Barbera d'Asti: zabibu Barbera, eneo la Asti. Ukiona d' au di katikati, mara nyingi upande wa kushoto ni zabibu na wa kulia ni mahali. Mara nyingi, nimesema! Kwa sababu kuna mtego mmoja ambao hata Waitalia wanaingia. Montepulciano d'Abruzzo ni zabibu inayoitwa Montepulciano, ya mkoa wa Abruzzo, nyeusi, laini, bei ya mtu wa kawaida. Vino Nobile di Montepulciano ni waini ya mji unaoitwa Montepulciano, uko Toscana, na zabibu yake kubwa ni Sangiovese. Ukiandikiwa karatasi ya manunuzi na mkwe, soma mpaka mwisho wa mstari.

Hiyo Sangiovese ndiyo mama wa Toscana. Chianti ni yake, angalau asilimia 70. Chianti Classico ni ya vilima vya kati ya Firenze na Siena, angalau asilimia 80, na shingoni ina jogoo mweusi. Mipaka ya Chianti ilitangazwa na mtawala wa Toscana mwaka 1716, fikiria, watu wanagombania jina la waini miaka 300 iliyopita. Ina uchachu na ukakasi wa wastani, inapenda nyanya. Chakula chetu chenye rosti ya nyanya na nyama, hapo Chianti inakaa vizuri kuliko Barolo ya bei mara nne. Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu, inasubirishwa mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno ndipo iuzwe.

Barolo nayo, kwa kanuni, inakaa miezi 38, angalau 18 ndani ya pipa la mbao. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda: mtu kafungia mtaji wake gizani miaka zaidi ya mitatu. Siri ambayo Mzee alinipa, na ndiyo nawapa: kama huna pesa ya baba, nunua mtoto. Badala ya Barolo, Langhe Nebbiolo. Badala ya Brunello, Rosso di Montalcino. Zabibu ni zile zile, vilima ni vile vile au vya jirani, ila imetoka mapema. Mkwe anayejua atakuheshimu zaidi, maana ataona hukununua jina.

Twende Veneto, ukanda wa Verona, kwa sababu hapa nesi ana neno. Kuna Valpolicella ya kawaida, nyepesi, ya cheri. Halafu kuna Amarone, zabibu zile zile, Corvina na wenzake, lakini baada ya kuvunwa zinalazwa kwenye vichanja zikauke miezi mitatu au zaidi. Zinapoteza theluthi ya uzito au hata zaidi, maji yanaondoka, sukari inabaki. Hamira ikila sukari yote ile, kilevi kinapanda asilimia 15, 16. Ikiachwa na utamu wake inaitwa Recioto, na hiyo ndiyo ya zamani zaidi.

Kwenye makao yetu mwana mmoja alimletea mama yake Amarone, siku ya kuzaliwa, kwa upendo tu. "Glasi moja kama kawaida, nesi." Nikampigia hesabu kwenye karatasi ya leso. Kipimo kimoja cha Italia ni gramu 12 za alkoholi, yaani mililita 125 za waini ya asilimia 12. Glasi hiyo hiyo ya Amarone ya asilimia 16 ina karibu gramu 16. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 65 hapa wanashauri kisizidi kipimo kimoja kwa siku. Na mama yake alikuwa na kidonge cha usingizi cha jamii ya diazepam jioni. Dawa hizo na pombe zinasukuma upande mmoja: usingizi mzito, pumzi ndogo, na kuanguka usiku akienda chooni. Nyonga ikivunjika kwenye umri ule, mnajua inavyoishia. Tukakubaliana: vidole viwili vya waini saa sita mchana, na daktari akaulizwa kwanza. Mama alifurahi sana, alilia hata. Wenye wazazi wanaotumia warfarin, nanyi muulizeni daktari kabla ya sherehe, sio baada. Na sitawaficha, WHO mwaka 2023 walisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Anayekunywa anywe kwa sababu anapenda, asiseme ni dawa ya moyo.

Kusini nitapita haraka, ingawa wenyewe watanuna. Primitivo ya Puglia: jina linatokana na kuiva mapema, ni zabibu moja na Zinfandel ya Marekani, inajaa mdomo, ina ladha ya jemu, na hata ikiwa kavu inaonekana tamu. Huyu ndiye ningemletea shangazi, na safari ijayo namletea. Nero d'Avola ya Sisilia ni rafiki wa nyama choma. Aglianico, ya Campania na Basilicata, ina ukakasi kama Nebbiolo, wanaiita Barolo ya kusini, usiifungue kwa mgeni wa mara ya kwanza.

Lambrusco nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ni nyekundu yenye mapovu, ya Emilia, kuelekea Modena na Reggio. Watu wa mjini wanaidharau kwa sababu zile tamu za bei rahisi ndizo zilizosambaa duniani. Lakini Emilia ni nchi ya nguruwe, na Lambrusco secco imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya nguruwe: mapovu na uchachu vinakata mafuta mdomoni. Mmeshaelewa ninakokwenda. Kitimoto! Kitimoto na ndizi za kukaanga, kachumbari pembeni, Lambrusco secco imetoka kwenye friji. Kamati ya Mwanza, chukueni hiyo, kama ukumbi unaruhusu. Pilipili tu mpunguze, maana pilipili na kilevi vinaongezana moto, na ukakasi unakuwa mchungu.

Kuhusu bei rahisi, jambo moja nalisema bila mzaha. Mwaka 1986 hapa hapa Piemonte waini iliuzwa ikiwa imeongezwa methanoli ili ionekane ina nguvu. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine walipofuka. Mzee anakumbuka chupa zikirudishwa, na mashamba ya watu wasio na hatia yakikosa wanunuzi. Sisi tunaijua methanoli kupitia chang'aa na gongo zenye sumu hiyo. Mtu akinywa chochote, halafu kesho yake analalamika kuona ukungu au theluji machoni, tumbo linauma, anahema haraka, usimwache alale "hangover iishe". Hospitali, saa hiyo hiyo, na chupa mbebe. Dawa ipo ila inagombana na muda.

Ndiyo maana mimi naangalia shingo ya chupa. DOCG zina karatasi yenye namba ya serikali pale juu. DOC nazo zina kanuni za eneo na zabibu. IGT ina uhuru zaidi, na ndani yake kuna za hovyo na kuna za bei ya ng'ombe. Neno riserva linamaanisha imesubirishwa zaidi. Classico ni eneo la asili la jina hilo. Superiore mara nyingi kilevi kimepanda kidogo. Hakuna neno hapo linalokuhakikishia utaipenda.

Mwisho, wa Dar na Mombasa: mkisoma "inywewe kwenye joto la chumba", chumba hicho ni cha jiwe huku Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18, sio sebuleni Kinondoni. Iweke kwenye friji nusu saa, wala usione aibu mbele ya mtu yeyote. Ikibaki, rudisha kizibo, friji tena, maliza ndani ya siku tatu nne. Na kwenye ndege ipakie kwenye begi kubwa ndani ya khanga mbili, sio begi la mkononi, watakunyang'anya.

Kesho nina zamu ya usiku. Wekeni maswali hapa chini, picha za lebo pia, nitajibu nikiamka. Sehemu ya 10 ni vidonda vya kulalia, wenye wagonjwa nyumbani msikose.